Miaka Yangu Kwenye Kisiwa cha Mchanga

Siku yangu ya kwanza kazini Meneja wa Safari aliniuliza kama najua kuogelea, nikamwambia ndiyo.

"Ulijifunzia wapi?"

"Duluti, bosi."

Ziwa Duluti nilikuwa nimeliona kutoka ukingoni tu. Mimi ni mtoto wa Kimeru, nimekulia kwenye kahawa na migomba, kwenye mteremko ulio juu ya kijiji cha Maji ya Chai, na maji tuliyoyajua sisi ni yale ya mfereji, yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Lakini nilikuwa nimemaliza chuo cha hoteli, nina cheti mkononi, na nimeshazunguka ofisi za mjini karibu mwezi mzima. Ofisi hii ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, pembeni mwa mtaa wa Levolosi, Arusha. Meneja alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, anavaa tai hata Jumamosi. Aliandika kitu kwenye karatasi.

"Vizuri, Elineema. Utakuwa kiongozi wa msafara wa pwani."

Vijana mnaosomea utalii leo mmezoea kila kitu kuwa kwenye simu. Ngoja niwaeleze kazi hiyo ilikuwaje. Wageni wetu walikuja kupanda Mlima Meru au kuangalia wanyama. Wakishachoka, vidole vimetoka malengelenge na vumbi limewajaa masikioni, walitaka bahari. Kampuni yetu ilikuwa na kambi ya mahema kwenye kisiwa kimoja cha kusini. Kiongozi wa msafara aliwachukua hotelini, akapanda nao ndege ndogo hadi pwani, akavuka nao kwa boti, akakaa nao siku nne au tano, kisha akawarudisha Arusha wakiwa wazima. Ulibeba mkoba wenye orodha ya wageni, dawa za huduma ya kwanza, na jedwali la maji, yaani karatasi inayoonyesha saa za bahari kupwa na kujaa kila siku ya mwezi. Ulibeba pia fomu ya kutoka. Hakuna mgeni aliyeingia majini bila wewe kuitia sahihi.

Nilipofika kisiwani mara ya kwanza nilitapika kwenye boti, mbele ya wageni sita. Nahodha alinipa kipande cha tangawizi nikitafune, wala hakucheka. Alikuwa mzee wa pale pale pwani, mwembamba, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza taratibu, "Binti, kuogelea hujui, sivyo?"

"Umejuaje?"

"Umeshika ubao wa boti kama unamshika ng'ombe asitoroke."

Alinifundisha yeye. Kila wageni walipolala mchana alinipeleka upande wa bara, ambako maji ni ya kina kifupi na hayana mawimbi, akaniamuru nilale chali nitazame mawingu. Ilinichukua misafara mitatu kuelea, na mwaka mzima kuogelea umbali wa kueleweka. Meneja hakuambiwa kamwe.

Niwaelezeni na kisiwa chenyewe, kwa sababu ndicho kilichonilisha na ndicho kilichonivunja. Kilikuwa kirefu na chembamba. Ungeweza kukitembea kwa urefu asubuhi nzima, lakini kwa upana unavuka kabla jasho halijakutoka. Kilikaa sambamba na bara kama ukuta mbele ya nyumba. Upande wa nje mawimbi ya bahari kuu yalijikunja na kupasuka mchana kutwa. Upande wa ndani maji yalitulia, mikoko imesimama, ndege wanachokoa matope. Wageni walikuja kwa ajili ya pande zote mbili: kuogelea na kulala mchangani huku, kucheza na mawimbi kule, na kuzunguka kwa kayaki, vile vimtumbwi vyepesi vya plastiki vya kukaa mtu mmoja. Ofisini tulikiita kisiwa. Nahodha hakukubali.

"Hiki ni fungu," aliniambia. "Fungu la mchanga lililoota mivinje. Kisiwa kinakaa. Fungu linatembea."

Na kweli lilitembea. Kila mwaka masika yalipokwisha tulirudi tukakuta upande wa kaskazini umeongezeka mchanga na upande wa kusini umeliwa, mivinje imelala majini na mizizi juu. Tulihamisha mahema. Mkuu wa Kambi, bwana mmoja mkali aliyewahi kuwa askari, alipiga vigingi vipya na kulaani. Huko kusini, kati ya fungu letu na fungu la pili, ulikuwepo mlango, yaani uwazi ambamo maji ya ndani hutokea kwenda bahari kuu. Nao mlango ulikuwa unahama. Mwaka huu mpana, mwaka ujao mwembamba na wenye kina.

Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana. Yakianza kushuka alfajiri, yote yale yaliyojaa upande wa ndani hutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni mlangoni. Kwa macho huoni kitu. Maji yanang'aa, yamenyooka, yanavutia kuliko popote. Nahodha alinisimamisha hapo mara nyingi akarusha kifuu cha nazi, tukakitazama kinavyoondoka.

"Mawimbi ya nje yanamtisha mtu, kwa hiyo anajihadhari," alisema. "Hapa hakuna wa kumtisha. Ukifika na bamvua, subiri saa nne maji yatulie. Au usije."

Nilijua, basi. Naandika hilo mapema asije mtu kudhani sikujua.

Mwaka wangu wa tisa nilimwombea kazi mdogo wangu, Anaeli. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akajaribu kulima nyanya zikaungua na ugonjwa, akafanya vibarua vya ujenzi kule Makumira. Alikuwa ameoa, mkewe Eliaichi ana mimba ya kwanza. Mama yetu alinifuata jikoni akaniambia, "Mchukue mwenzako. Usile peke yako." Nikamchukua.

Sijawahi kuona mtu wa mlimani akapenda bahari vile. Nahodha alimfundisha kuogelea kwa wiki mbili. Alijifunza kupiga kasia, kufunga fundo, kuokoa mtu aliyezama, mpaka akafaulu mtihani wa uongozaji wa kayaki. Wapwani walimtania kwa Kiswahili chake cha kwetu, naye akawajibu kwa Kimeru wakabaki wanacheka bila kujua wanacheka nini. Alipokuja likizo alimletea mkewe makombe ya baharini kwenye soksi, na nyumba nzima ikanuka samaki. Kazini aliniita kiongozi mbele ya wageni, na tukiwa wawili aliniita dada.

Tulifanya kazi pamoja miaka sita. Sasa nafika kwenye asubuhi ile.

Tulikuwa na familia ya watu wanne: baba, mama, na mabinti wao wawili wakubwa. Watu wazuri, wanashukuru kwa kila kitu. Siku zote nne upepo ulikuwa mbaya, hawakupata kutoka na kayaki hata mara moja, na ile ilikuwa siku yao ya mwisho. Ndege yao ilikuwa inaondoka saa tano. Asubuhi palipambazuka pametulia kabisa. Walitaka kuzunguka ncha ya kusini, waone ufukwe wa nje, warudi wanywe chai, waondoke.

Nilifungua jedwali la maji. Bamvua. Maji yanashuka tangu alfajiri, yatatulia saa nne. Ilikuwa saa moja na nusu.

Nahodha alikuwa ameshasimama na boti yake. "Leo hapana," alisema. "Wapeleke kaskazini."

Kaskazini hakuna cha kuona zaidi ya mchanga mtupu, na wageni walikuwa wameshaambiwa kusini. Baba wa familia alimpigia simu Mkurugenzi wetu Arusha, kwa upole tu, kuuliza kuna tatizo gani. Dakika chache baadaye simu yangu iliita. Mkurugenzi hakuwa mtu wa kupiga kelele. Upole huo ndio uliofanya iwe vigumu kumkatalia.

"Elineema, kuna mawimbi?"

"Hapana, mkurugenzi. Pametulia. Ila ni bamvua, Nahodha anasema..."

"Nahodha ni mtu mzima, ana hofu zake. Nani kiongozi wa msafara hapo?"

"Ni mimi."

"Basi amua wewe. Mimi nakuamini. Ujue mwezi ujao Meneja anastaafu, na mimi nataka pale mtu anayeamua."

Akakata simu.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala ya Bwana. Hakunilazimisha. Ningeweza kusema hapana, familia ile ingenuna kidogo, ingekunywa chai na kuondoka. Nilitia sahihi fomu ya kutoka nikiwa nimeiegemeza kwenye goti langu.

Anaeli alikuwa anasukuma kayaki majini. Alitazama kusini, kisha akanitazama mimi.

"Dada, umesema twende?"

"Nenda. Pita karibu na mchanga, usiwaachie waende katikati."

"Haya."

Alivaa kofia yake, akawapanga wale wanne nyuma yake, akaondoka. Hakubishana. Laiti angebishana.

Nahodha aliwasha boti akawafuata kwa mbali, bila kuagizwa na mtu. Mimi nilitembea ufukweni nikielekea kusini, kwanza kawaida, halafu kwa haraka, halafu nikavua viatu nikakimbia.

Nilipofika nchani, watatu walikuwa wameshashika mchanga, wanapiga kelele. Mama wa familia alikuwa katikati ya mlango. Kayaki yake ilikuwa imepinduka na jaketi la kuokolea limempanda kichwani, kumbe mkanda wa chini haukufungwa. Anaeli alikuwa ameshamfikia. Nilimwona anavua jaketi lake mwenyewe, anamvisha yule mama, anamvuta mikanda kwa nguvu, kisha anampandisha kwenye kayaki aliyokuja nayo na kuisukuma kuelekea kwenye boti. Msukumo ule ulitosha. Nahodha alimdaka mama akamtoa.

Anaeli alibaki majini. Aliogelea kwa ufundi, aliogelea upande kama alivyofundishwa, siyo kupingana na mkondo. Lakini mlango ulikuwa umebanwa mwaka ule, na maji yote ya ndani yalikuwa yanapita pale. Yalimchukua mpaka mahali mawimbi ya nje yanapojikunja juu ya mchanga. Nahodha alikwenda na boti mpaka ikaingia maji, akarudi, akaenda tena. Nilikuwa nimesimama maji yamenifika kiunoni na siwezi kusonga. Niliona kofia. Baadaye sikuiona.

Tulimtafuta siku tatu, sisi na watu wa vijiji vya pwani waliokuja na mitumbwi yao bila kuitwa. Bahari haikutupa kitu.

Mkurugenzi alikuja kwa ndege. Alilia, kwa kweli, nilimwona akilia nyuma ya hema la jikoni. Kisha tukakaa kuandika ripoti. "Andika kwamba hali ya bahari ilibadilika ghafla," alisema. Nikaandika. Nahodha aliombwa naye aseme hivyo. Alisema yeye hajui kuandika, akatoka nje. Alikuwa anajua kuandika.

Nilirudi nyumbani kwa basi. Nilishuka Maji ya Chai mchana, wanawake wa sokoni wakanisalimia, wakaniuliza mbona nimekuja bila taarifa. Nilipanda mlima kwa miguu. Mama alikuwa anaanika kahawa. Aliponiona peke yangu alikaa chini palepale, juu ya kahawa, kabla sijafungua mdomo. Wifi Eliaichi alitoka ndani na mtoto mgongoni, wa pili huyo. Nilisema niliyoyaandika kwenye ripoti: bahari ilibadilika ghafla.

Kwetu mtu huzikwa kwake, migombani, na kaburi hujengewa ili wajukuu walijue. Sisi tulikosa cha kuzika. Mchungaji alifanya ibada, kwaya ikaimba, tukasimika msalaba kwenye ardhi ambayo haijachimbwa. Mama aliishi miaka minne baada ya hapo. Hakuwahi kunilaumu. Alizoea kuniuliza tu kama nimekula.

Na cheo nilikipata. Nawaambia hili kwa sababu vitabu vya namna hii huwa vinaruka sehemu kama hizo. Meneja alistaafu, nikaitwa, nikakaa kwenye kiti chake juu ya duka la dawa, nikawa napeleka wengine kisiwani kwa miaka kumi na mmoja huku mimi mwenyewe sikukanyaga tena. Nilisema moyoni nitakuwa meneja mzuri, na nadhani nilikuwa. Niliandika kanuni kwamba nahodha akisema hapana, imekwisha, hata mkurugenzi apige simu. Niliandika kanuni ya kukagua mkanda wa chini wa kila jaketi. Viongozi vijana walinilalamikia kuwa mimi mama ni mgumu. Hawakujua nini kilikuwa nyuma yake, maana wale wa zamani walishaondoka.

Mwishowe fungu lenyewe liliamua. Masika moja bahari ililikata katikati, jiko na bafu vikaenda, kampuni ikafunga kambi ile na kuwapeleka wageni kwingine. Nilistaafu mwaka uliofuata. Nilipewa keki na saa ya ukutani, nikapanda mlima kwetu na sanduku moja la karatasi.

Nyumba yangu na ya wifi Eliaichi zinatenganishwa na mistari michache ya kahawa. Alikuwa amelea watoto wawili peke yake, hakuolewa tena. Tuliishi vizuri, kwa adabu. Akipika ngararimo, chakula chetu cha ndizi, aliniletea bakuli. Mimi nikipata maziwa nampelekea. Habari ya Anaeli tuliizunguka kama watu wanavyozunguka shimo njiani.

Mwaka jana, baada ya mavuno, alikuja akakaa kwenye ngazi yangu.

"Wifi, nataka kuiona."

"Nini?"

"Bahari. Nipeleke pale."

Nilitoa kisingizio cha mguu, cha umbali, cha joto. Alisikiliza vyote. "Wewe umepeleka watu wasio na idadi," alisema. "Nipeleke na mimi."

Tulikwenda kwa basi siku mbili. Njiani nilimfanyia kila nilichokuwa nawafanyia wageni: nilimkumbusha kunywa maji, nilimpa tangawizi. Nilikuwa nimechagua siku za maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana. Nahodha bado yupo hai, amezeeka, macho yake yana mtoto wa jicho, na binti yake ndiye anayeshika usukani sasa. Alinitambua kwa sauti. Alimshika wifi mkono kwa mikono yake miwili, akakaa nao hivyo muda mrefu.

Fungu lilikuwa vipande viwili. Mivinje iliyobaki ilikuwa michache, na pale palipokuwa na mahema palikuwa ni maji ya kijani. Mlango wa zamani uliziba. Pale alipopotea Anaeli pamekuwa mchanga mkavu, ndege wanatembea. Nilimwonyesha wifi kwa kidole, nikaona haya, kwa sababu hapakuwa na cha kumwonyesha.

Alivua viatu, akapandisha khanga, akaingia baharini mpaka magotini. Nikamfuata. Ndipo nikasema. Nilimwambia habari ya jedwali la maji, ya Nahodha kukataa, ya simu ya Mkurugenzi, ya sahihi yangu juu ya goti. Nilimwambia haikubadilika ghafla. Nilisema mpaka nikakosa la kusema.

"Alinipigia simu asubuhi ile," alisema wifi.

Sikuelewa.

"Kabla hawajatoka. Akasema, mama watoto, maji ya leo siyapendi, lakini naona dada atasema twende. Nifanyeje?" Alikaza fundo la khanga. "Nilikuwa nanyonyesha, nina haraka. Nikamwambia, si dada yako anajua? Fanya anavyokuambia, usituharibie kazi."

Mawimbi madogo yalikuja yakarudi.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa nakuletea chakula nikidhani ipo siku utaniuliza kama alinipigia."

Hatukukumbatiana. Watu wa kwetu hawakumbatiani hivyo, na sidhani tungeweza. Tulisimama palepale, wanawake wawili watu wazima na nguo zimelowa, mpaka binti wa Nahodha akatuita kwamba maji yanaanza kujaa. Kwenye boti alikaa ubao mmoja na mimi.

Mkiniuliza kazi hii imenipa nini, nitawajibu bila kupamba. Imenijengea nyumba, imesomesha watoto wa mdogo wangu, na imemchukua mdogo wangu. Sijui namna ya kupima hayo, na siku hizi sijaribu.

Lakini tangu tulipotoka pwani, wifi huja jioni za Jumapili tukishatoka ibadani. Kila anapokuja huniuliza jambo moja tu juu ya ile miaka sita ambayo yeye hakuiona. Alikuwa anakula nini kule? Alilala hema gani? Nani alimcheka alipojifunza kuogelea? Namweleza polepole, kwa urefu, siruki kitu. Wiki iliyopita aliniuliza kama alikuwa anaimba akipiga kasia. Nilifikiri sana, kisha nikamwambia ndiyo, aliimba nyimbo za kwaya, sauti ya tatu, na mara nyingi alikosea maneno. Wifi alicheka, akafuta macho kwa upande wa khanga. Akaniomba nimwambie maneno gani alikuwa anayakosea.